Siku 23 katika zamu ya wifi yangu: ni msaada gani hasa unaomfaa mlezi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo?

Wanajamvi, salaam kwenu.

Naandika uzi huu kwa sababu kila mada ya watoto wenye ulemavu inapoletwa hapa, wengi wetu hutoa pole, humtakia mama subira, kisha mada inazama. Pole si kitu kibaya, nasi katika familia yetu tumeipokea mara nyingi kwa shukrani. Lakini nilikaa siku 23 mfululizo katika nafasi ya mama anayelea mtoto wa namna hiyo, na tangu hapo nimekuwa nikiupima msaada kwa vipimo viwili tu: umempunguzia mlezi saa ngapi za kazi, na umempunguzia nauli kiasi gani. Naomba mnivumilie, maana maelezo ni marefu.

Mtoto ninayemzungumzia ni binti wa kaka yangu, ana miaka tisa, na anaishi na mama yake Mbagala. Alizaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu, hakulia, na siku ya pili akapata degedege. Alipofikisha miezi minane shingo ilikuwa bado haijakaza. Kwa mwaka mzima tuliambiana kwamba watoto hawalingani na kwamba atachangamka tu, mpaka daktari mmoja alipotutajia mtindio wa ubongo. Kwa wasioufahamu, huu ni ulemavu unaotokana na ubongo kudhurika au kutokukua sawasawa kabla mtoto hajazaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya uhai wake. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu mojawapo. Nyingine ni manjano makali ya mtoto mchanga yasiyotibiwa mapema, kuzaliwa njiti, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Dhara lenyewe la ubongo haliongezeki, lakini misuli isiyonyooshwa hukakamaa na viungo hujikunja, hivyo mtoto ambaye angeweza kukaa akiwa na miaka minne anaweza akashindwa kabisa akifikisha kumi. Ndiyo maana kazi ya mlezi haina likizo, kwani kila wiki anayopumzika inaonekana kwenye magoti ya mtoto.

Upande wetu wa familia hatukumtendea haki wifi. Yalisemwa maneno kwamba kwao kuna mkosi, kwamba ujauzito ule ulikuwa na mambo yake, nami nilikuwapo yakisemwa na sikuyakanusha. Kaka yangu naye aliondoka mtoto akiwa na miaka mitatu. Hakutangaza kwamba anaondoka: alipata kazi Mtwara, akawa anarudi kila mwezi, kisha kila baada ya miezi mitatu, mwishowe tukawa tunaisikia sauti yake kwenye simu tu.

Baadaye wifi alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, akakatazwa kunyanyua kitu chochote kizito. Mama yake mzazi ameshafariki, na dada zake wako Kigoma. Akanipigia simu mimi, mtu ambaye nadhani alikuwa wa mwisho katika orodha yake, akaniuliza kama ninaweza kukaa na mtoto mpaka mshono upone. Nilikubali nikiamini kwamba mtu aliyelea watoto wanne hawezi kushindwa na mmoja.

Nianze na uji, kwa kuwa ndio ulionifundisha. Kikombe kimoja cha uji, ambacho mtoto mwingine wa miaka tisa hukimaliza akiwa amesimama, binti yetu hukila kwa saa moja na dakika kumi, na hapo ni siku ambayo mambo yamekwenda vizuri. Asubuhi ya kwanza nilimlaza mapajani akiangalia juu, kama nilivyowalisha wanangu walipokuwa wachanga, akapaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Wifi alikuwa kwenye godoro pembeni, hawezi kuinuka, akanielekeza kwa maneno: "Mkalishe, wifi. Kidevu kishuke kidogo. Kijiko kiwe kidogo, usikimwage, kibonyeze juu ya ulimi, halafu subiri." Ulimi wa mtoto huyu unasukuma chakula nje bila yeye kutaka, kwa hiyo kila kijiko kinarudi mdomoni mara mbili au tatu. Uji ukiwa mwepesi unakimbilia njia ya hewa, na ukiwa mzito kupita kiasi anachoka kabla hajashiba. Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba nimonia inayoletwa na chakula kuingia mapafuni ni miongoni mwa mambo yanayowaua sana watoto hawa, nami nikakumbuka jinsi nilivyomlaza asubuhi ile.

Milo mitatu ya namna hiyo ni saa tatu na nusu. Ongeza kumwogesha na kumbadilisha, kumnyoosha miguu asubuhi na jioni, kumgeuza usiku asipate vidonda, na kumpa dawa ya kifafa kwa saa zilezile kila siku. Siku ya tano nilihesabu: kazi zilizomhusu mtoto peke yake zilinichukua saa kumi na moja, na hapo sijapika chakula cha watu wengine wala kufua. Wifi huuza maandazi, na tulikuwa tukisema kwamba angekuwa na bidii angeuza mpaka mchana kama wenzake. Kumbe alikuwa akiamka saa tisa usiku kukanda unga ili saa moja asubuhi awe amemaliza kuuza, mtoto akiamka amkute.

Siku ya kliniki ilikuja wiki ya pili. Mtoto ana kilo 19, na miguu yake imekakamaa ikipishana kama mkasi. Nilimfunga mgongoni kwa khanga mbili, nikatembea mpaka kituoni. Daladala ya kwanza konda alitaka nilipie watu wawili, nikakubali, lakini aliponiambia nimkunje miguu ili abiria apite na nikamweleza kwamba haikunjiki, alinishusha. Ya pili haikusimama. Tulikodi bajaji, shilingi 24,000 kwenda na kurudi, kwa mazoezi ya nusu saa. Wakati tunasubiri niliifungua kadi ya mtoto, nikakuta mtumishi mmoja ameandika miezi kadhaa nyuma: "Mzazi hafuati maelekezo, hahudhurii." Sikuweza kujizuia, nikatoka nje kulia. Mwanamke anayepata faida ya shilingi elfu sita kwa siku anatakiwa atoe elfu arobaini na nane kwa mwezi kwa ajili ya usafiri wa kliniki mara mbili pekee, na akishindwa anaandikwa kuwa mzembe kwenye karatasi ambayo itasomwa na kila daktari atakayemwona mtoto baada ya hapo. Nilimwomba mtaalamu wa siku ile aandike chini yake sababu ya kutohudhuria, naye akaandika bila ubishi. Nawashauri wazazi wote mfanye hivyo.

Sasa nizungumzie kiti cha magurudumu, kwa sababu ndicho kitu ambacho wafadhili hupenda sana kukitoa. Mtoto akiwa na miaka mitano, wahisani walifika mtaani na viti kadhaa, picha zikapigwa, wifi akashukuru kwa dhati. Kiti kilikuwa cha mtu mzima. Mtoto alipokalishwa aliteleza mpaka kidevu kikagusa kifua, akawa anakosa pumzi. Mtoto wa namna hii anahitaji kiti kinachomshika nyonga, mgongo na kichwa, kilichopimwa kwa mwili wake na kinachorekebishwa kadiri anavyokua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2008, na hapa kwetu Moshi kuna chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Ujuzi basi upo nchini. Anayetaka kuchangia viti namwomba achangie vichache vilivyopimwa kuliko vingi vilivyofanana, kwa sababu kile tulichopewa sisi kimekuwa kikibeba madumu ya maji kwa miaka minne.

Kilichotusaidia ni seremala wa mtaa wa pili. Tulimpa vipimo vitatu: upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, na urefu kutoka kalio hadi kwapa. Akatengeneza kiti cha kona, yaani chenye mgongo wa mbao mbili zinazokutana kama pembe ya chumba, ili mabega yaje mbele na mikono ikutane. Katikati ya mapaja aliweka kigingi kifupi tulichokizungushia sponji, kinachozuia miguu isipishane, na mbele akaweka kimeza kinachochomoka. Asiye na fedha ya mbao anaweza kutengeneza kiti cha makaratasi: maboksi yanakatwa, yanagandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, kisha yanaachwa juani siku kadhaa mpaka yakauke kabisa. Ufundi huo ulianzia Zimbabwe na umefundishwa katika nchi kadhaa za Afrika, na kiti kilichotengenezwa vizuri hubeba uzito wa mtoto bila shida ilimradi kisilowe. Kabla ya kutengeneza, mwonyesheni mtaalamu wa mazoezi mtoto akiwa amekaa, kwa sababu kuna watoto ambao mgongo wao unahitaji mpangilio tofauti. Siku binti yetu alipokalia kile kiti cha kona, alikula uji kwa dakika arobaini. Wifi alipata nusu saa ambayo hakuwa nayo kwa miaka tisa.

Niliporudi nyumbani niliitisha kikao cha ukoo, na nilisema mapema kwamba sitaki mchango wa mara moja. Tulipanga zamu. Jumatano binti wa mjomba anayesoma chuo hukaa na mtoto kuanzia saa nane mchana, Jumamosi nakaa mimi mpaka usiku, na wanafamilia wanane tunatoa shilingi 6,000 kila mmoja kwa mwezi, ambazo zinatosha bajaji ya kliniki mara mbili. Fedha hizo zinaingia moja kwa moja kwa dereva mmoja tuliyekubaliana naye. Tulifanya hivyo ili wifi asilazimike kuomba wala kutoa hesabu, maana kuomba kila wiki mbili ni kazi nyingine. Sharti tulilojiwekea ni kwamba anayeshika zamu lazima awe amefundishwa kulisha na wifi mwenyewe mbele ya macho yake, na wawili walishindwa mara ya kwanza wakarudia.

Kwa kaka yangu nilikwenda mwenyewe Mtwara, nikiwa nimejiandaa kumkemea kama dada mkubwa. Nilipoanza kusema, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulitamka kwa mtu: usiku ule wa uchungu, yeye ndiye aliyechelewa kupata gari kwa saa nne, na kila akimtazama mtoto huziona saa hizo nne. Sikumtetea kwa hilo, na simtetei hata hapa, kwa sababu wifi naye ana usiku wake na hakukimbia. Lakini nilielewa kwamba mwanamume yule alikuwa na hatia moyoni tangu siku ya kwanza, wala hakuna mhudumu aliyewahi kumwita kliniki pamoja na mkewe akamweleza jinsi tatizo linavyotokea. Naona hivyo kila kliniki: benchi zima ni akina mama, na maelezo yote wanapewa akina mama, ambao wanatakiwa wakayafikishe nyumbani kwa mtu asiyeamini. Hajarudi kuishi Mbagala. Anakuja kila mwisho wa mwezi kwa siku tatu, analisha, ananyoosha miguu, na mtoto akisikia sauti yake mlangoni anacheka mpaka mwili wote unakakamaa.

Kuhusu serikali nitataja mambo ambayo mzazi anaweza kuyatumia. Sera yetu ya afya inatoa huduma bila malipo katika vituo vya umma kwa watoto walio chini ya miaka mitano, na hapo ndipo familia nyingi hujikwaa, kwa kuwa siku mtoto anapotimiza mitano gharama huanza ilhali mahitaji yake yanaongezeka. Kwa hiyo msisubiri siku hiyo. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mapema mkaombe kufikiriwa katika utaratibu wa msamaha wa gharama. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, hivyo mtendaji wa mtaa anapaswa kuweza kukuelekeza kwa watu hao. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 kati ya hizo zikiwa za watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka tisa asiyeweza kushika kijiko hawezi kuendesha mradi. Anayeuza maandazi ni mama yake, na kwa maoni yangu fedha hizo zimfikie yeye kwa ajili ya mtoto. Akina mama wanaolea watoto hawa mkienda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa kundi, mnasikilizwa kuliko mkienda mmojammoja.

Jirani zetu Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na anayezipokea kwa niaba yake ni mlezi. Ni fedha kidogo na walezi wa huko hulalamikia kuchelewa kwake, lakini utaratibu wenyewe unakiri kwamba anayelea mtu wa namna hii anafanya kazi. Natamani nasi tufike hapo.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu

Nashukuru kwa maswali. Mmoja ameuliza kwa nini mtoto asipelekwe kwenye kituo cha kulelea ili mama "apumue". Naelewa nia yake ni njema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 23 kwamba familia zipewe taarifa, huduma na msaada mapema ili watoto wasifichwe wala kutelekezwa, na kwamba wazazi wakishindwa, juhudi ielekezwe kwanza kwa ukoo mpana, kisha kwa jamii katika mazingira ya kifamilia. Ukoo mpana ni sisi mashangazi, wajomba na mabinamu. Binti yetu hasemi, lakini akitaka kusema ndiyo hutazama juu, na akitaka kukataa hufumba macho. Ilinichukua siku kumi kuona hilo, na wifi hakunieleza kwa sababu kwake ni jambo la kawaida kama mtu anayejibu kwa mdomo. Kabla ya hapo nilikuwa nikimvalisha gauni asilolitaka kila asubuhi.

Mwingine ameandika kwamba tumpeleke kwa mganga fulani, kwamba watoto kadhaa wamepona huko. Sitabishana na imani ya mtu, na familia yetu pia ilipita huko. Ninachomsihi mzazi yeyote ni kutokatisha dawa ya kifafa eti apewe nafasi mganga afanye kazi yake. Dawa hizo zikisimamishwa ghafla, mtoto anaweza kupata degedege lisilokatika, na hilo linaweza kumuua au kumwongezea dhara kwenye ubongo. Sisi tulizikatisha kwa siku sita, tukaishia wodini kwa siku tisa.

Kuna aliyeuliza kuhusu shule. Tulipomwandikisha, mwalimu mkuu alituambia kwamba hana mwalimu wa elimu maalumu na kwamba mtoto ataumia msongamanoni. Kwa sasa yuko kwenye orodha ya kitengo cha elimu maalumu kilicho kilomita saba kutoka nyumbani, na kinachotukwamisha ni usafiri uleule wa kila siku. Hilo bado hatujalipatia ufumbuzi. Mwenye uzoefu wa wazazi kuchangia gari moja la shule kwa watoto wa aina hii naomba aandike hapa, hasa namna walivyompata msaidizi wa kukaa na watoto garini.

Na mama aliyeeleza kwamba jirani yake anamfungia mtoto ndani akienda kibaruani: tafadhali usianze na polisi. Gonga mlango jioni akiwa amerudi, ukiwa na chakula laini cha mtoto, umwombe akuonyeshe jinsi anavyokula. Ukishajua kumlisha, mwambie siku moja ya wiki ambayo unaweza kukaa naye, na uitaje siku yenyewe. Ukikuta mtoto anapigwa au amedhoofika sana, hapo mwone afisa ustawi wa jamii bila kuchelewa.

Vipimo kamili vya kiti nitavipandisha pamoja na mchoro wa seremala. Kesho ni Jumamosi na zamu ni yangu mpaka usiku, kwa hiyo maswali mengine nitayajibu Jumapili mchana.